Sabini ya Dokta Atuganile

Mate ya Ambakisye Mwansasu yalisomwa ya mwisho, saa nne asubuhi ya Jumanne. Mashine ilipotoa majibu, Dokta Atuganile Mwaipaja aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akasoma mara ya tatu.

Tisini na moja.

Akaiamuru mashine irudie kazi. Ikanguruma dakika sita, ikatoa namba ileile.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti, ingawa mle maabara alikuwa peke yake.

Walinzi wote kumi na wawili wa Kituo cha Mvuke cha Lwangu walikuwa wametema mate kwenye vichupa wiki iliyotangulia. Kituo kilikuwa kwenye mteremko wa Mlima Rungwe, na mvuke uliopanda kutoka kilomita mbili chini ya ardhi ndio uliowasha taa, majiko na mashine za hospitali kutoka Tukuyu mpaka ufukweni Kyela. Kazi ya mlinzi ilikuwa kukaa mbele ya vioo saa nane mfululizo, kusikiliza na kutazama visima ishirini, na kufunga kisima kabla hakijapasuka. Kwa miaka minne waombaji wapya wa kazi hiyo walikuwa wakipimwa mate. Mwaka huu sheria ilitaka hata wakongwe wapimwe. Kikomo kilikuwa sabini. Aliyezidi sabini haruhusiwi kukaa chumba cha ulinzi.

Kumi na mmoja walikuwa wamepita bila shida. Siwatu Pembe, binti wa Kilwa aliyeajiriwa mwaka juzi, alikuwa na kumi na tisa, namba ndogo kuliko zote.

Na sasa Ambakisye.

Hakukuwa na mtu Lwangu asiyemjua mzee Mwansasu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, kitambi cha heshima, na sauti ya besi iliyokuwa inategemewa na kwaya mbili. Alikuwa amekaa kwenye chumba kile miaka ishirini na miwili. Visima vyote alikuwa amevipa majina. Namba nne kilikuwa Shemeji, kwa sababu kilikuwa kinalalamika kila siku bila sababu. Namba tisa kilikuwa Mwalimu Mkuu: kimya wiki nzima, halafu kinafoka ghafla. Alisema mabomba yanaongea. Ukungu ukishuka, wakati mwingine alikuwa anasikia mtu akimwita jina kutoka nje, akigeuka hakuna mtu. Alikuwa anaitika hivyo hivyo: "Naam!" Ukimuuliza kwa nini anaitika, alikuwa anasema adabu haina hasara. Amelea watoto watano, hajawahi kukosa zamu, na mara mbili alikuwa amefunga kisima kabla vipimo havijaonyesha chochote.

Huyu ndiye mtu ambaye mashine ilikuwa inasema asikae na mvuke.

Atuganile aliijua ile namba kuliko mtu yeyote nchini, maana yeye ndiye aliyeibuni. Watu walikuwa wanaiita alama ya njozi. Mashine ilikuwa inapita kwenye vinasaba vya mtu mahali elfu kumi na moja, na kila mahali inaokota kitu kidogo kama punje ya ulezi: hapa punje moja ya kuelekea huku, pale punje moja ya kuelekea kule. Hakuna punje ya wazimu. Kuna punje nyingi tu ambazo, zikijumlishwa, humfanya mtu mzima wa afya awe mwepesi wa kuona uhusiano kati ya mambo, wa kusikia kitu kwenye upepo, wa kuhisi kwamba yule mtu kule barabarani anamzungumzia yeye. Sisi sote tuna kiasi chake. Wengi wenye kingi huzeeka salama na hawaugui kamwe. Wachache huugua.

Punje hizohizo hugusa umakini. Ubongo wa kawaida ukisikia mlio usio na maana mara hamsini, unaacha kuusikia. Unaupuuza bila hata kukuomba ruhusa. Kwa mtu mwenye alama kubwa, kupuuza huko huja kwa kuchelewa, au hakuji. Kila kitu kinaendelea kubisha hodi. Kwenye utafiti wake wa shahada ya uzamivu, Atuganile alikuwa amewakalisha wanafunzi mia tatu na arobaini mbele ya vioo, akaona kwamba wenye alama kubwa wanachoka upesi na kukosea mara nyingi zaidi. Huo utafiti ndio uliompa jina, kazi, na maabara hii yenye dirisha linaloangalia mashamba ya chai.

Chini ya namba ile kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa "Ingiza kwenye daftari." Cha pili kiliandikwa "Sampuli imeharibika." Ukibonyeza cha pili, mtu anaitwa kutoa mate tena ndani ya siku thelathini.

Sampuli haikuwa imeharibika hata kidogo. Atuganile alitazama mlango, akabonyeza cha pili.

* * *

Ambakisye alikuja Alhamisi mchana, baada ya zamu, nywele zikiwa na umande wa ukungu. Alileta mfuko wa viazi mviringo, kwa sababu alikuwa haendi ofisi ya mtu mikono mitupu.

"Naambiwa mate yangu yameoza," alisema akiketi. "Mke wangu amecheka mpaka amelia. Anasema alikuwa anajua siku nyingi."

"Karibu, mzee Mwansasu. Asante kwa viazi."

"Nitemee wapi?"

Atuganile alikuwa ameshika kichupa kipya mkononi. Alikuwa amepanga kumpa, kuchukua mate, na kutafuta njia nyingine siku ya thelathini. Lakini mzee alikuwa amekwisha kukusanya mate mdomoni, mashavu yamevimba, macho yanamngoja kama mtoto mtiifu kwa mganga wa meno. Akashindwa.

"Meza tu, mzee. Mate yako hayakuwa na tatizo. Nilidanganya."

Ambakisye akameza. "Ulidanganya nani?"

"Daftari. Namba yako imezidi kikomo. Ningeiingiza, ungeondolewa kazini siku hiyohiyo. Nilitaka muda wa kufikiri."

"Imezidi sana?"

"Una haki ya kutojua. Ukitaka nisikwambie, sikwambii."

"Niambie, binti yangu. Nimekaa na Shemeji miaka ishirini na miwili, nitashindwa kukaa na namba?"

"Tisini na moja."

Mzee alimtazama. Kisha uso wake wote ukafunguka. "Tisini na moja? Kati ya mia? Mimi?" Alipiga paja kwa kiganja. "Dokta, tangu darasa la kwanza sijawahi kupata hata hamsini! Hesabu nilipata kumi na nane. Mwalimu akaniita mbele ya darasa kunionyesha."

"Mzee, hizi si alama za namna hiyo..."

"Najua, najua. Niache nifurahi kidogo kwanza."

Akafurahi kidogo. Atuganile naye, bila kutaka, akacheka. Halafu akamweleza yote taratibu: punje, kupuuza, wanafunzi mia tatu na arobaini. Hakumficha kwamba mtu mwenye alama kama yake ana hatari kubwa kidogo ya kuugua kuliko wengine, wala hakumficha kwamba katika umri wake, bila dalili yoyote, hatari hiyo ilikuwa ndogo sana. Ambakisye alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, vilevile alivyokuwa anasikiliza mabomba.

"Kwa hiyo ile sauti inayoniita kwenye ukungu?"

"Watu wengi wenye afya husikia mara moja moja. Wewe unaisikia mara nyingi kidogo. Inakuamuru ufanye jambo?"

"Hata kidogo. Inaniita tu, basi. Nadhani nayo ilishasahau ilichokuwa inanitakia."

"Basi endelea kuitika. Ikianza kukuamuru, njoo kwangu siku hiyohiyo. Usingoje."

"Nitakuja." Kicheko kilikuwa kimekwisha usoni mwake. "Sasa nisikilize na mimi, dokta. Nimejaza daftari la zamu miaka ishirini na miwili. Sijawahi kuandika mgandamizo ambao sikuuona kwa macho yangu. Siku moja mkuu wa zamu aliniomba niandike kwamba kisima kiko sawa, na hakikuwa sawa. Nilikataa, tukanuniana mwaka mzima. Na wewe unaandika uongo kwenye jina langu?"

Atuganile alijikuta ameangalia sakafu. "Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sijakasirika sana." Akavuta kiti karibu. "Hiyo sabini nani aliiweka?"

Atuganile alikiweka kichupa mezani. Nje, mashine ya kuchuma chai ilipita ikivuma kwenye mistari ya kijani.

"Mimi," alisema Atuganile.

"Uliipimaje?"

"Mstari kwenye mchoro wangu ulikuwa unapinda mahali fulani kati ya sitini na themanini. Mtu wa Mamlaka, wale wanaosimamia vituo vya mvuke, alinipigia simu kutoka Dodoma. Alitaka namba moja ya kuweka kwenye sheria, siku hiyohiyo, kabla ya kikao. Nikamwambia sabini."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Kumbe kama bei ya nyanya sokoni," alisema Ambakisye, bila ukali. Akainuka, akakung'uta suruali yake. "Ingiza namba yangu, dokta. Halafu nenda kamwambie mama Ngailo hayo uliyoniambia mimi. Yote. Ukinitetea kwa ukweli nitashukuru. Ukinitetea kwa uongo, siku ukigundulika tutaanguka wote wawili."

* * *

Bi. Leokadia Ngailo, mkurugenzi wa kituo, alikuwa mwanamke mfupi aliyezoea kusimama wakati wengine wameketi. Alimsikiliza Atuganile kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza, akitembea kati ya dirisha na kabati.

"Ngoja nielewe," alisema hatimaye. "Umeandika uongo kwenye daftari la serikali."

"Ndiyo, mama. Nimeshausahihisha leo asubuhi, na nimeandika maelezo."

"Utapata barua ya onyo kwa hilo."

"Nastahili."

"Hilo tumemaliza. La pili: unaniambia kikomo ambacho nimekitumia miaka minne kukataa watu ulikitoa kichwani."

"Hapana, mama, kilitoka kwenye mchoro. Ila mchoro haukusema sabini. Nilisema mimi. Na kuna jambo baya zaidi." Atuganile alishusha pumzi. "Utafiti wangu uliuliza swali moja tu: nani anaweza kupuuza milio isiyo na maana. Wenye alama kubwa walishindwa, nikaandika kwamba umakini wao ni dhaifu. Sikuuliza upande wa pili. Mlio uliokuwa hauna maana ukianza kuwa na maana, nani atakuwa wa kwanza kujua? Aliyekwisha kuupuuza, au aliyeshindwa kuupuuza?"

Bi. Ngailo alisimama. Alikuwa mhandisi wa mvuke kabla ya kuwa mkurugenzi, na mabomba aliyajua. "Kisima namba tisa," alisema polepole. "Miaka sita iliyopita. Kile kimlio cha vali. Kilikuwa kinalia mwezi mzima, wote tukakizoea."

"Nani alifunga kisima?"

"Unajua nani." Akarudi mezani, na kwa mara ya kwanza akaketi. "Lakini mtu mmoja na kisima kimoja si ushahidi, dokta. Huenda alibahatisha. Sheria inaniruhusu nimwache kwenye zamu siku kumi na nne wakati rufaa inasikilizwa. Nipe jaribio. Walinzi wote kumi na wawili, na namba zao zifungwe kwenye bahasha nikae nayo mimi. Ukishindwa, mzee anakwenda kutunza bustani."

"Na nikishinda?"

"Kwanza shinda."

* * *

Jaribio lilifanyika Jumatano kwenye ukumbi wa mafunzo. Walinzi kumi na wawili waliketi kila mmoja na kioo chake, visikizio masikioni, ubavuni mwao kitufe cha njano. Jambo lilikuwa rahisi kulieleza. Kwa saa nne wangetazama visima vya kuigiza. Mtu akiona dalili ya hatari abonyeze kitufe. Akibonyeza bure, itahesabiwa.

Walichokuwa hawajui ni kimlio kidogo, *tik*, ambacho Atuganile alikuwa amekichanganya na sauti za mabomba. Kwa saa tatu za kwanza hakikuwa na maana yoyote. Kingelia mara mia na zaidi, bila kufuatwa na kitu. Katika saa ya nne tu, kila kilipolia, kisima kimoja kingeshuka mgandamizo kidogo mno baada ya nusu dakika.

Atuganile na Bi. Ngailo walikaa nyuma ya kioo cheusi.

Dakika ya kumi na mbili taa ya njano iliwaka. Ambakisye. Hakukuwa na hatari.

Dakika ya thelathini na moja, tena Ambakisye. Dakika ya hamsini, Ambakisye.

"Mh," alisema Bi. Ngailo.

Kufikia mwisho wa saa ya tatu mzee alikuwa amebonyeza mara sita bure. Wengine wote kwa pamoja walikuwa wamebonyeza mara mbili. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kipaji, na alikuwa anakunja uso kama mtu aliyekaa karibu na mbu. Atuganile aliandika namba sita kwenye karatasi yake. Ndivyo hasa mchoro wake ulivyosema miaka ile: watu hawa wanachoka, wanakosea. Akaanza kuona jinsi atakavyomwambia mzee kuhusu bustani.

Saa ya nne ikaanza.

Dakika ya tisa, kitufe cha Ambakisye kiliwaka. Safari hii alikuwa sahihi: nusu dakika baadaye kisima kilishuka.

Bi. Ngailo aliinama mbele. Dakika ya kumi na moja kiliwaka kingine, nacho kilikuwa sahihi, upande wa kushoto kabisa. Halafu kimya. Dakika ya thelathini na moja, mmoja. Dakika ya arobaini, mmoja. Wengine wakafuata kwa kuburuzana. Saa ilipokwisha, watatu walikuwa hawajabonyeza kabisa.

Walipovua visikizio, Ambakisye alikuwa wa kwanza kusema. "Nani ameweka kale kadude ka *tik*? Kameninyima raha tangu asubuhi!"

"*Tik* gani?" aliuliza jirani yake.

"Wewe hukusikia? Kimelia mara mia!"

"Mwanzoni labda. Nilishakisahau."

Bi. Ngailo aliingia ukumbini na bahasha mkononi. Alisimama mbele ya Siwatu Pembe, ndiye aliyebonyeza dakika ya kumi na moja. "Na wewe kilikuwa kinakukera?"

"Hapana, mama," alisema Siwatu. "Mimi nilikuwa sikisikii tena kabisa. Ila nilipoona kisima cha saba kinashuka nikajiuliza kabla yake kulikuwa na nini. Kilipofuata kingine nikatega sikio. Ndipo nikakisikia."

"Na wewe?" Bi. Ngailo alimgeukia Kondo, mwanamume mrefu wa miaka arobaini, mmoja wa wale watatu wasiobonyeza kabisa. Katika bahasha alikuwa na sitini na nne, namba ya pili kwa ukubwa baada ya Ambakisye. Kwa hesabu za mashine, wawili hawa walipaswa kufanana.

Kondo alijikuna kisogo. "Kusema kweli, mama, nilikuwa nawaza mahindi yangu. Kuna viwavi."

Ukumbi wote ukaangua kicheko, na Kondo mwenyewe akacheka kuliko wote, kisha akaona uso wa mkurugenzi akaacha.

Bi. Ngailo alimvuta Atuganile pembeni. "Kwa hiyo mzee katusumbua mara sita, akatuokoa mara moja."

"Ndiyo, mama."

"Binti hakutusumbua hata mara moja, akatuokoa dakika mbili baadaye."

"Ndiyo."

"Na namba zako zilikuwa zinasemaje?"

Atuganile alikuwa na majibu mengi ya kitaalamu. Angeweza kusema kwamba watu kumi na wawili hawatoshi, na kwamba namba husema kweli kuhusu umati hata pale inapomkosa mtu mmoja. Yote yalikuwa kweli. "Zilikuwa zinasema mzee afukuzwe," alijibu, "na Kondo abaki na viwavi vyake."

Bi. Ngailo alitikisa kichwa. Kisha akageuka na kupaza sauti. "Mwansasu! Pembe! Kuanzia Jumatatu zamu moja, meza moja. Mzee, ukisikia kitu usibonyeze. Mwambie kwanza binti. Binti, usimpuuze, mpime. Mkikubaliana wawili, fungeni."

"Na nisipomwamini?" aliuliza Siwatu.

"Mtagombana. Ndiyo kazi yenyewe."

Ambakisye alikuwa amekwisha kumsogelea Siwatu akimpa mkono. "Karibu sana, mwanangu. Kwanza nikujulishe kwa Shemeji."

* * *

Barua ya onyo ilikuja kama ilivyoahidiwa. Atuganile alinyang'anywa haki ya kutia saini majibu ya vipimo kwa miezi sita, na Mamlaka ikamwita Dodoma, ambako alisimama mbele ya watu saba na kueleza simu ile na namba ile. Haikuwa siku nzuri. Mmoja alimuuliza kama bado anajiita mwanasayansi. Alijibu kwamba anaanza upya. Walisimamisha kikomo kwa mwaka mmoja, wakaagiza kila kituo kipime walinzi kwa kuwakalisha kazini, si kwa kuwatemesha mate.

Lakini kwenye gari la kurudi, akipita Makambako, alikumbuka jambo ambalo hakuna aliyemuuliza Dodoma. Alifungua daftari la miaka minne. Waombaji tisa walikuwa wamekataliwa Lwangu kwa sababu ya sabini yake. Kila mmoja alikuwa ameitwa ofisini kwake, akaambiwa namba yake, akafunguliwa mlango.

Hakuna aliyemwagiza awatafute. Aliomba likizo, akaanza na wa kwanza kwenye orodha.

Sekela Kajigili alikuwa na karakana pale Ushirika, kando ya barabara kuu, ya kutengeneza punda wa chuma, zile mashine za miguu minne zinazoshusha ndizi kutoka milimani. Watano au sita walikuwa wamelazwa uani siku hiyo, miguu juu. Sekela, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye ovaroli ya bluu, alimtambua mara moja.

"Dokta Mwaipaja," alisema. Hakutabasamu. "Themanini na mbili. Uliniambia, 'Huumwi, ila hufai.' Nayakumbuka maneno yenyewe."

"Niliyasema. Nimekuja kukuambia nilikosea."

Akaeleza, amesimama palepale juani, kati ya punda. Hakujipunguzia chochote. Sekela alisikiliza akizungusha spana mkononi.

"Kazi siitaki tena," alisema dokta alipomaliza. "Hapa napata kazi kuliko muda. Lakini unajua ulichonifanyia? Miaka minne, kila nikipata wazo la ajabu, najiuliza: hili ni langu au ni la themanini na mbili? Nikicheka peke yangu, naangalia kama kuna mtu ameniona. Nilikuwa naimba nikifanya kazi. Niliacha, nikaogopa watu wataniona nimeanza."

Atuganile alivua miwani. "Nilikuumiza, Sekela. Pole."

"Na nikiugua kweli?"

"Unaweza kuugua. Hata mimi naweza. Wewe uko juu kidogo kuliko mimi, hilo ni kweli, na sitalificha tena wala sitalikuza. Wengi wenye namba kama yako wanazeeka na wajukuu. Ukiona usingizi umekukimbia siku nyingi, au mawazo yanakutisha, utanipigia, tutatibu mapema. Mengine yote ni yako. Ni wewe tu."

Sekela aliizungusha spana tena. Kisha akageuka kuelekea nyuma ya karakana. "Gwakisa! We Gwakisa! Toka huko chini!"

Kutoka chini ya punda mkubwa kuliko wote kikatokea kichwa cha mwanamume, uso mzima umejaa grisi.

"Huyu alinichumbia mwaka ule ule," alisema Sekela. "Nikamwambia asubiri, nione kwanza kama nitaugua. Akasema sawa, akaja na kitanda chake cha ufundi, kile cha magurudumu, akalala chini ya punda. Mpaka leo." Akampigia kelele: "Dokta anasema alikuwa hajui alichokuwa anakisema!"

"Si nilikwambia tangu mwaka wa kwanza?" alijibu Gwakisa akijivuta nje.

"Ulisema, lakini wewe si dokta!"

"Na yeye alikuwa dokta akakosea!"

Sekela alifungua mdomo ajibu. Kilichotoka kilikuwa kicheko, kwanza kidogo, halafu kikamshinda, akaketi chini kwenye vumbi na spana yake, akicheka na kufuta macho kwa mkono wa ovaroli. Hakuangalia kama kuna mtu anamwona. Wapita njia wawili walisimama. Mmoja akaanza kucheka naye bila kujua sababu.

Gwakisa alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akimwangalia mchumba wake aliyekuwa ameketi mavumbini. Alipomaliza akamgeukia Atuganile.

"Dokta, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao una kazi?"

"Sina."

"Sasa unayo. Utakuja hapa harusini umevaa vizuri, utasimama mbele ya mama yake, utasema yote haya uliyoyasema leo. Kwa kipaza sauti."

"Nitakuja," alisema Atuganile. "Lakini kipaza sauti cha nini?"

"Mama mkwe hasikii vizuri," alisema Gwakisa. "Na majirani nao wamesubiri miaka minne."